Mkutubi Msafiri wa Milimani: Riwaya ya Mahaba kama Ushahidi wa Historia

Riwaya ya mahaba imekuwa katika uhakiki wetu wa Kiswahili kama mgeni aliyekaribishwa uani. Husomwa, tena husomwa na wengi, lakini haitajwi mbele ya watu. Inapotajwa hupewa jina la riwaya pendwa, na kwa jina hilo hufungiwa nje ya mtaala pamoja na hadithi za upelelezi na za majambazi. Nakumbuka kikao kimoja cha kamati ya masomo ya uzamili, katika taasisi ambayo sitaitaja, ambapo mwanafunzi alileta pendekezo la kuchunguza mahaba katika riwaya za kihistoria. Aliambiwa kwa upole kwamba akatafute jambo zito. Hakuna aliyemwuliza amesoma nini. Mimi nami nilikuwapo wala sikusema neno, na makala haya ni sehemu ya jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Mfano niliouchagua unatoka mbali, katika milima ya mashariki ya jimbo la Kentucky, Marekani, ambako miaka ya 1930 wanawake walipanda farasi na nyumbu wakawapelekea watu vitabu majumbani mwao. Mwaka 1999 sisi tulipata Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2019, wasomaji wa Kiingereza walipata riwaya mbili juu ya wakutubi hao, nazo ni The Book Woman of Troublesome Creek ya Kim Michele Richardson na The Giver of Stars ya Jojo Moyes. Magazeti ya mwaka ule yalikuwa na maneno mengi kuhusu mfanano wa riwaya hizo mbili. Hilo si shughuli yetu hapa. Linalotuhusu ni swali moja: je, kisa cha mapenzi katika riwaya ya kihistoria ni sukari iliyotiwa ili dawa imezeke, au chenyewe chaweza kutuambia jambo ambalo taarifa za kihistoria haziwezi kulisema?

Yafaa kwanza tuieleze historia yenyewe, kwa kuwa riwaya ya aina hii haihakikiwi kwa haki na mtu asiyejua yaliyotokea.

Mashariki ya Kentucky ni nchi ya milima ya Appalachia, yenye mabonde membamba na vijito vingi. Miaka ile barabara zilikuwa chache, na mara nyingi njia ya kuifikia nyumba ilikuwa kijito chenyewe: mpanda farasi alipita ndani ya maji mpaka mlangoni. Watu waliishi kwa makaa ya mawe na kwa mashamba madogo ya mitelemkoni. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwakuta tayari ni maskini. Katika kaunti ya Harlan ugomvi wa wachimbaji na wenye migodi ulifikia kumwaga damu mwaka 1931. Inakadiriwa pia kwamba mwaka 1930 watu wasiojua kusoma katika sehemu hizo walifikia asilimia 31.

Wazo la kupeleka vitabu kwa farasi halikuzaliwa na serikali. Mwaka 1913, katika mji wa Paintsville, mwanamke aitwaye May Stafford alianzisha kazi hiyo kwa msaada wa John C. C. Mayo, tajiri wa makaa ya mawe. Mayo alifariki mwaka 1914, fedha zikakoma, na kazi ikafa pamoja naye. Ilifufuliwa miaka ishirini baadaye chini ya mipango ya Rais Franklin Roosevelt ya kuwapa ajira wasio na kazi, na kuanzia mwaka 1935 ikawa mikononi mwa shirika la serikali lililoitwa Works Progress Administration. Ikaendelea hivyo hadi mwaka 1943.

Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kidogo, na mtu aliyewahi kufanya kazi katika maktaba zetu za wilayani ataufahamu upesi. Serikali ililipa mishahara tu, haikununua vitabu. Vitabu vilitolewa kwa hisani na shule, makanisa, vyama vya wazazi na walimu, na watu binafsi wa mijini waliokuwa na kurasa zilizochakaa za kugawa. Farasi au nyumbu alikuwa mali ya mkutubi mwenyewe, au alimkodi kwa fedha zake. Mshahara ulikuwa dola 28 kwa mwezi. Wengi wa wakutubi walikuwa wanawake wenyeji wa milima hiyo hiyo, na wengine walipita maili mia moja au zaidi kwa juma, mvua na theluji wasizijali. Kufikia mwaka 1936 walikuwa wakihudumia familia zipatazo 50,000, na mwaka 1937 walizifikia shule 155.

Kuna jambo moja katika utaratibu huo ambalo mimi naliona kuwa kiini chake. Vitabu vilipokuwa havitoshi, wakutubi walikata kurasa nzima nzima za majarida na magazeti yaliyokwisha kuchakaa, wakazibandika katika madaftari. Humo waliweka pia maelezo ya mapishi na mitindo ya kushona mablanketi ya viraka, mambo waliyoyapata kwa wanawake wa milimani wenyewe. Daftari liliandikwa kutokana na nyumba moja likapelekwa nyumba nyingine. Kadi za Krismasi za mwaka uliopita ziligawiwa ziwe alama za kurasa, ili watu wasikunje pembe za vitabu. Na mahali ambapo hakuna aliyejua kusoma, mkutubi alishuka akasoma kwa sauti.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba watu hao hawakuwa bila fasihi. Kati ya mwaka 1916 na 1918 Mwingereza Cecil Sharp, akiwa pamoja na Maud Karpeles, alizunguka katika milima ya Appalachia akikusanya nyimbo za masimulizi zilizokuwa zimehifadhiwa huko vinywani mwa watu kwa vizazi vingi, baadhi yake zikiwa zimekwisha kusahauliwa Uingereza zilikotoka. Basi kitabu kilipofika kwa farasi kiliwakuta watu wenye hazina ya maneno. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi hatuna haja ya kukumbushwa hilo, lakini waandishi wa riwaya hukumbuka mara moja na kusahau mara mbili.

Sasa tuje kwenye riwaya.

Taarifa za mpango ule zinahesabu maili, familia na vitabu. Hazisemi kilichotokea nyumbani kwa mwanamke aliyeanza kupokea dola 28 ilhali mumewe hana senti. Hazisemi watu walisema nini juu ya mwanamke anayepita peke yake mlimani alfajiri, akiingia katika nyumba za watu wasio jamaa zake. Kwa hakika tukio kubwa la kihistoria si kitabu kufika mlimani, maana Biblia ilikwisha kufika zamani. Tukio ni mwanamke mwenye mshahara, mwenye mnyama wake, mwenye njia yake, na mwenye sababu halali ya kubisha hodi popote. Jambo hilo haliwezi kuhesabiwa katika jedwali. Laweza kusimuliwa tu, na kisa cha mapenzi ndicho kinachofaa kulisimulia, kwa sababu mapenzi ndiyo mahali ambapo jamii hukagua mwenendo wa mwanamke kwa ukali kuliko mahali pengine popote.

Katika The Giver of Stars, Alice ni Mwingereza aliyeolewa na Bennett Van Cleve, mtoto wa mwenye mgodi, akaletwa katika mji mdogo wa Baileyville. Ndoa yao haijapata kuwa ndoa, na nyumba ni ya baba mkwe, si ya mume. Alice anajiunga na wakutubi wanaoongozwa na Margery O'Hare, mwanamke asiyetaka kuolewa hata na mwanamume anayempenda. Baadaye Alice anampenda Fred Guisler, mwenye banda ambamo maktaba imewekwa. Kwa muhtasari huu riwaya yaonekana ni ya kawaida. Lakini tazama jinsi mwandishi anavyoyafunga mapenzi na vitabu katika kamba moja. Miongoni mwa vitabu vinavyopita mkono kwa mkono kwa siri milimani ni Married Love, kitabu cha Marie Stopes cha mwaka 1918 kinachowaeleza wanawake mambo ya unyumba. Mzee Van Cleve anaposhambulia maktaba, haogopi vitabu kwa ujumla. Anaogopa wanawake waliojua jambo, na anaogopa pia wachimbaji wanaoweza kusoma karatasi za haki zao. Kwake mambo hayo mawili ni jambo moja, na hapo mwandishi ameona vizuri.

Mfano ulio bora zaidi uko katika kesi ya Margery. Anashtakiwa kwa kumwua Clem McCullough, mlevi wa milimani ambaye familia yake ina uhasama wa zamani na ya kina O'Hare. Margery anafungwa akiwa mja mzito, anajifungua gerezani, na mji mzima unangoja anyongwe. Anaokolewa na binti wa marehemu, Verna, anayeeleza mahakamani kwamba baba yake aliondoka nyumbani ili kurudisha kitabu cha maktaba. Kitabu kilichoazimwa ndicho kinachoamua kati ya uhai na kifo, si kwa yaliyoandikwa ndani yake, bali kwa kuwa kilipaswa kurudishwa.

Naomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina jambo la kusema. Kitenzi chetu kuazima humtumikia anayetoa na anayepokea pia: naazima kwako, nawe waniazima. Muktadha ndio unaotenga. Walimu wa sarufi hulichukulia hili kuwa usumbufu, wakasisitiza kuazimisha au kuazimia ili mambo yawe wazi. Lakini katika habari ya mkutubi msafiri utata huo ni wa kweli. Mkutubi anaazima kitabu na mwenye nyumba anaazima kitabu. Na daftari la mapishi linapotoka katika nyumba hiyo kwenda nyingine, nani sasa amemwazima nani? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuhusu kitabu cha kuazima, riwaya hizi zinadai kinyume chake.

Riwaya ya Richardson ni kavu zaidi, na kwa maoni yangu ni nzito zaidi. Mhusika mkuu wake, Cussy Mary Carter, ana umri wa miaka kumi na tisa mwaka 1936, na ngozi yake ni ya buluu. Msomaji asidhani hii ni njozi. Katika eneo la kijito cha Troublesome Creek iliishi kwa vizazi vingi familia ya Fugate, ambayo baadhi ya watu wake walikuwa na hali ya kurithi ya damu iliyowafanya waonekane wa buluu. Katika miaka ya 1960 daktari Madison Cawein aliwatibu kwa dawa iitwayo methilini buluu, na rangi ikaondoka, ingawa kwa muda tu, mpaka dozi nyingine. Richardson ameichukua tiba hiyo akairudisha nyuma hadi mwaka 1936 ili Cussy aweze kuijaribu. Mwanahistoria atakunja uso. Mimi nadhani mwandishi alikuwa na haki, kwa sababu anahitaji kuuliza swali ambalo historia iliuliza kwa kuchelewa: ukipewa dawa ya kuwa mweupe, ukawa mweupe, je, watakupenda? Cussy anaimeza, anatapika, anakuwa mweupe kwa muda, na watu wa mjini hawampendi zaidi.

Hapo ndipo mapenzi yanapofanya kazi yake. Cussy anapendwa na Jackson Lovett, na siku ya harusi yao sherifu anakuja na sheria ya Kentucky iliyokataza ndoa kati ya watu wa rangi mbalimbali. Jackson anapigwa na kufungwa. Sheria za namna hiyo hazikuondolewa nguvu na Mahakama Kuu ya Marekani hadi mwaka 1967. Twaona basi kwamba ndoa, ambayo katika riwaya pendwa ni zawadi ya mwisho anayopewa msomaji mvumilivu, hapa ni mahali ambapo sheria ya ubaguzi inajitokeza uchi. Bila kisa cha mapenzi sheria hiyo ingebaki kuwa kifungu. Mtu angeweza kusoma historia nzima ya maktaba za farasi asikutane nayo, maana kama mkutubi Cussy aliruhusiwa kuingia kila nyumba. Alikatazwa kuingia moja tu, nayo ni nyumba yake mwenyewe.

Wote wawili, Moyes na Richardson, wameweka katika hadithi zao mkutubi mweusi. Sophia wa Moyes amefanya kazi katika maktaba ya watu weusi mjini Louisville, na hilo lina msingi: tawi la Western Colored lilifunguliwa huko mwaka 1905, likaongozwa na Thomas Fountain Blue, nalo linahesabiwa kuwa maktaba ya kwanza ya umma Marekani iliyoendeshwa na watu weusi kwa ajili ya watu weusi. Sophia ndiye pekee kati yao mwenye ujuzi wa ukutubi, na ndiye anayelazimika kufanya kazi kwa kujificha. Lakini mwandishi hampi mapenzi. Anampa kaka mgonjwa, sindano ya kushonea vitabu, na busara. Nalitaja hili kwa kuwa linathibitisha hoja yangu kwa upande wa pili. Katika riwaya ya mahaba, anayenyimwa mahaba amenyimwa pia nafasi ya kuwa kiini cha historia, hata kama mwandishi ana nia njema.

Kasoro kubwa ya riwaya hizi mbili, hata hivyo, iko mwishoni. Mpango wa maktaba za farasi ulifungwa mwaka 1943, vita vilipokuwa vimeleta ajira na serikali haikuona tena haja ya kulipa mishahara hiyo. Wanawake wale walipoteza dola zao 28, na mabonde mengi yakakaa bila mkutubi kwa miaka mingi. Hakuna riwaya kati ya hizi inayofika huko. The Giver of Stars inafunga mlango kwa wachumba kupatana. Kanuni ya riwaya ya mahaba inadai mwisho wenye heri, na historia haikuwa nao. Kwa hiyo mwandishi anasimama kabla historia haijafika. Wanaoidharau aina hii ya riwaya wangekuwa na hoja ya haki kama wangesema hivyo. Kwa bahati mbaya wao husema jingine, kwamba mapenzi ni mepesi.

Nimekwisha kuitaja Vuta N'kuvute, na sasa yafaa tuilinganishe. Yasmin anaozwa kwa Raza, mzee wa makamo ya baba yake, anatoroka, anatupwa na jamaa zake, na anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepinga utawala wa kikoloni Unguja. Denge naye ni mchukuzi wa maandishi: anasambaza yale ambayo serikali imeyapiga marufuku. Hana farasi wala mshahara, na mifuko yake inatafutwa na polisi. Lakini muundo ni ule ule, mtu apitaye na karatasi mlango hadi mlango, na mwanamke ambaye maisha yake yanabadilishwa na mpito huo. Tofauti ni kwamba Shafi hakukubali kuifunga historia kwa harusi ya wapenzi wake. Denge anatorokea ng'ambo, na Yasmin anaolewa na Bukheti. Maisha yanaendelea kuvutana. Wanafunzi wangu wengi hukasirishwa na mwisho huo. Nikiwauliza kwa nini, husema kwamba walitaka Denge amwoe. Basi ndipo ninapowaambia kwamba wamekiri kuwa walikuwa wakisoma riwaya ya mahaba muda wote huo, katika kitabu cha mtaala, bila mtu kuwaonya.

Kuna riwaya ya tatu ambayo siwezi kuiacha, kwa kuwa imekuja hadi mlangoni petu. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya lilianzisha huduma ya vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, ili kuwafikia wafugaji wanaohamahama ambao gari haliwafikii: ngamia mmoja kwa masanduku ya vitabu, mwingine kwa hema la kusomea. Wazo la kupeleka vitabu mashambani halikuwa geni hata wakati huo, maana East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliwahi kutuma vitabu kwa posta na kwa masanduku. Ila ngamia ndiye aliyeupendeza ulimwengu. Mwaka 2007 Masha Hamilton, mwandishi wa Kimarekani, akatoa The Camel Bookmobile, ambamo mkutubi kutoka New York anayeitwa Fiona Sweeney anafuatana na ngamia hao hadi kijiji kinachoitwa Mididima. Sharti la huduma ni kwamba vitabu vyote lazima virudishwe. Kijana mmoja mwenye uso ulioharibiwa na fisi, Taban, hakurudisha vyake, na kijiji kizima kinaingia katika mgogoro. Fiona na mwalimu Matani wanapendana. Mkewe Matani naye anampenda Abayomi, baba yake Taban.

Msomaji ataona mara moja kwamba kitabu kisichorudishwa kinafanya hapa kazi ile ile inayofanywa na kitabu kinachorudishwa kule Baileyville. Naikubali riwaya hii kwa jambo moja: inathubutu kuwapa baadhi ya wanakijiji hoja za kweli dhidi ya maktaba, na kuuliza kama watu wanaoishi kwa maji na malisho wanahitaji hadithi za watu wengine. Lakini majina yanatutia mashaka. Abayomi ni jina la Kiyoruba, la Nigeria. Neema ni letu la Kiswahili. Na katika upande ule wa Garissa, ambako wenyeji ni Wasomali, tungetarajia kusikia majina tofauti kabisa. Si neno dogo. Richardson, mzaliwa wa Kentucky, aliweza kubadilisha mwaka wa tiba na bado tukamwamini, kwa kuwa alijua jina la kila kijito. Mgeni akikosea majina, hata yaliyo kweli katika kitabu chake yanaanza kutiliwa shaka. Tena mkutubi wa Kentucky alikuwa jirani aliyepanda nyumbu wake mwenyewe. Wa Mididima amekuja kwa ndege. Mapenzi yake na mwalimu hayawezi kubeba uzito ule ule, kwa sababu siku moja atarudi kwao, na kila mtu kijijini anajua hivyo.

Kwa nini basi hatuna riwaya ya Kiswahili juu ya mkutubi wa ngamia, au juu ya waliozunguka na masanduku ya vitabu miaka ya 1950? Sidhani kwamba sababu ni ukosefu wa habari. Nadhani ni kwamba kazi hiyo inasimuliwa vizuri kwa njia ya mahaba, na waandishi wetu wanajua jinsi tunavyoipokea njia hiyo.

Nimalizie kwa tatizo la tafsiri, ambalo lilinirudisha kwa mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni. Hakuacha. Alibadilisha anwani ya utafiti wake ikawa ya tafsiri, kamati ikapitisha, na sasa anatafsiri sura za Richardson. Matatizo aliyokutana nayo ni mawili. La kwanza ni lahaja. Watu wa Troublesome Creek hawasemi Kiingereza sanifu, na mwandishi ameiandika lafudhi yao kwa heshima. Ukiwasemesha Kiunguja sanifu umewavalisha kanzu isiyo yao. Ukiwasemesha Kitikuu au Kimtang'ata umewahamishia pwani. Na ukiwasemesha Kiswahili kilichovunjika, kama tamthilia zetu zinavyowafanyia watu wa bara, umewageuza kichekesho, jambo ambalo riwaya nzima inalipinga. Alijaribu njia ya nne: Kiswahili cha kawaida chenye sentensi fupi, semi za wakulima, na msamiati wa kizamani kidogo. Naona inafaa, ijapokuwa inapoteza muziki.

La pili ni jina lenyewe la mkutubi. Watu wa milimani humwita Cussy kwa kazi yake, mwanamke na vitabu, basi. Mwanamke wa vitabu ni tafsiri sahihi lakini imekufa ganzi, hakuna mtu angeiita hivyo kutoka kizingitini. Mama Vitabu ingemjia upesi mtu wa Nairobi, kwa mfano wa Mama Mboga, nayo ina uchangamfu. Ila Cussy ni kijana asiye na mtoto, na neno mama lingempa papo hapo heshima ambayo wenyeji wanamnyima kwa kurasa mia tatu. Bi Vitabu ingefaa pwani, lakini inanukia adabu ya mjini. Mkutubi ni neno la ofisi. Katika rasimu aliyoniletea amepaacha mahali pa jina pakiwa wazi, akapiga mstari, na pembeni ameyaandika majina hayo manne kwa penseli. Wenzangu wa tafsiri wanaosoma jarida hili wakiwa na la tano, wamwandikie kupitia idara.